Mchezaji Mwenye Njaa: Chakula na Nguvu za Kiume



Barua iliyo mbele yetu juma hili yatoka Kalemie, ng'ambo ya mto Lukuga. Mwenye kuiandika ni baba wa watoto sita. Hatulitaji jina lake wala la mwanawe, maana neno analouliza ni siri ya nyumba yake. Kifungua mimba wake ana miaka 20, naye acheza mpira katika timu ya mtaa. Alfajiri hukimbia mchangani kando ya ziwa, jioni hufanya mazoezi uwanjani, na Dominika baada ya Misa huwa na mchezo. Tangu kiangazi kilichopita amekonda. Hulala mchana kama mtu wa homa, hukasirika kwa neno dogo, na mfupa wa muundi wamwuma huu mwezi wa pili, wala hakupigwa na mtu. Amekwisha kuchumbia, na mahari imeanza kutolewa. Sasa amemweleza mjomba wake, si baba yake, kwamba tamaa ya mwanamume imemtoka kabisa, na kwamba aiogopa siku ya harusi. Majirani wasema amerogwa na timu waliyoishinda. Muuza dawa wa sokoni yu tayari kumchoma sindano ya nguvu za kiume, mradi alipwe. Baba auliza afanye nini.

Tumeisoma barua hii mara mbili, kwa maana nusu ya jibu imo ndani yake. Mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, baba aandika kwamba kijana hula mara moja tu kwa siku, yaani usiku. Asubuhi hunywa chai ya sukari akaondoka. Mafuta ameyaacha, na samaki huwaachia wadogo zake, kwa sababu mwalimu wa timu aliwaambia wachezaji kwamba mwenye tumbo zito hakimbii.

Hatuwezi kumpima mtu kwa barua. Kukonda na kuchoka kwaweza kuletwa na kifua kikuu, na kichocho, na kisukari, na virusi vya ukimwi, na minyoo inayonyonya damu. Kwa hiyo neno la kwanza kwa baba huyu ni hospitali, tena juma hili, wala asingoje msimu wa mpira uishe. Lakini ikiwa daktari atapima yote hayo asione ugonjwa, basi asishangae kuambiwa kwamba ugonjwa wa mwanawe uko katika sahani yake.

Neno hili lahitaji kuelezwa vema, na tutalieleza kwa heshima, lakini bila kuficha, kwa kuwa kuficha ndiko kunakowapa wauza sindano soko lao.

Nguvu za kiume hazitoki katika misuli, wala si pepo wa ukoo. Hutoka katika homoni. Homoni ni mjumbe: tezi moja humtuma ndani ya damu, naye huenda mbali kuamsha kiungo kingine. Mjumbe mkubwa wa mwili wa mwanamume aitwa testosteroni, naye hutengenezwa katika korodani. Wataalamu walimpata safi kwa mara ya kwanza mwaka 1935, huko Amsterdam. Ndiye aletaye ndevu na sauti nzito kwa mvulana, na baadaye husaidia kulinda mifupa, misuli, damu, tamaa ya ndoa na mbegu za uzazi. Lakini korodani hazijiamrishi zenyewe. Ndani ya ubongo, mahali paitwapo haipothalamasi, hutoka amri kila baada ya kitambo, kama mlio wa ngoma. Amri hiyo hufika katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, yenye ukubwa wa punje ya haragi, nayo huituma homoni nyingine hadi korodani. Ngoma ikinyamaza juu, kazi hulala chini, hata kama korodani zenyewe ni nzima kabisa.

Ni nini kinyamazishacho ngoma? Njaa. Mwili una akili zake: mafuta yaliyo chini ya ngozi hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, nayo huupasha ubongo habari za ghala. Ghala likipungua, ubongo hufanya kama mama wa nyumba mwenye busara wakati wa ukame: hutunza moto wa jikoni, huacha kupaka nyumba rangi. Moyo lazima upige, mapafu lazima yavute hewa. Kuzaa kwaweza kungoja. Ndipo amri ya kutengeneza testosteroni hupungua, na homoni ya tezi ya shingo hushuka pamoja nayo, na mtu husikia baridi na uchovu.

Haya si maneno ya kudhani. Mwaka 1944, vita vya dunia vikiwa bado vinawaka, wanaume 36 wa Marekani walijitolea kushinda njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, chini ya mtaalamu Ancel Keys, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliodhoofika. Walikuwa watu waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya dini yao, wakataka kuwatumikia wenzao kwa njia nyingine, na sisi twaona hiyo nayo ilikuwa ushujaa. Kwa miezi sita ya mwaka 1945 walilishwa kadiri ya nusu ya chakula chao cha kwanza, hasa viazi, mkate na mboga za mizizi, huku wakitembea mwendo mrefu kila juma. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Wakawa wakali, wakapenda upweke, wakaota chakula usiku. Tamaa ya mwili ikawatoka, waliokuwa na wachumba wakawa hawawafikirii. Vijana hao walikuwa wazima walipoanza, wala hakuna aliyewaroga. Na walipolishwa tena, iliwachukua miezi mingi kurudi walivyokuwa.

Baadaye askari wa Marekani walipimwa katika mafunzo magumu ya majuma manane, wakila kidogo na kulala kidogo. Testosteroni yao ilianguka ikakaribia ile ya mtu aliyehasiwa. Walipopewa chakula cha kutosha kwa juma moja, ilipanda tena, ingawa usingizi ulikuwa bado haba na kazi ni ile ile. Baba wa Kalemie na alishike sana neno hilo: kazi haikupunguzwa, chakula ndicho kilichoongezwa.

Kwa wanawake wanaokimbia, jambo hili lilijulikana zamani zaidi, kwa sababu mwili wa mwanamke una kalenda. Siku zake zikikatika, yeye na mama yake hujua kwamba pana neno. Mwanamume hana kalenda. Ana ishara ya asubuhi ambayo kila mwanamume aijua, nayo ikipotea kwa majuma, hamwambii mtu, hata daktari. Ndiyo sababu Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilichelewa: mwaka 2014 ilitoa tamko kwamba upungufu wa chakula kwa wachezaji huwaumiza wanaume pia, ikalitengeneza upya mwaka 2018 na tena mwaka 2023. Tamko hilo lataja mambo mengi yaliyo katika barua yetu: uchovu, hasira, kupotea kwa tamaa, na mifupa kupata nyufa ndogo kwa kukimbia tu. Muundi unaouma miezi miwili bila kupigwa ni jambo la kumwonyesha daktari upesi. Mfupa hukosa ulinzi wa homoni, kisha hupigwa chini mara maelfu kila alfajiri.

Sasa natupige hesabu, maana wazazi hupenda hesabu kuliko maneno. Tuseme kijana ana kilo 60, na katika hizo kilo 54 si mafuta. Wataalamu huchukua chakula chote alichokula kwa siku, wakitumia kipimo cha kalori, wakaondoa kile kilichoteketea mazoezini, na kinachobaki wakakigawanya kwa hizo kilo 54. Mtu aliyeshiba vema hubakiwa na kalori kama 45 kwa kila kilo. Chini ya 30 wanawake wengi huanza kupata madhara. Kwa wanaume mpaka waonekana kuwa chini kidogo ya hapo, nao wataalamu wangali wakijadiliana. Kijana wetu hula usiku ugali wa muhogo, tuseme unga gramu 400, nao una kalori kama 1,400. Tuongeze sombe na sukari ya chai, kalori 300. Jumla 1,700. Mazoezi mawili huteketeza 900. Zabaki 800, na ukizigawanya kwa 54 wapata karibu 15. Kwa kalori hizo 15 atake moyo upige, akili isome, mfupa ujengwe, na tena aoe!

Lakini wingi wa kalori si neno lote. Mtu aweza kujaza tumbo kwa ugali na bado mwili wake ukakosa kitu cha kujengea. Hadithi ya kweli iliyo wazi kuliko zote katika jambo hili yatoka mji wa Shiraz, nchi ya Iran. Mwaka 1958 daktari Ananda Prasad aliletewa mwanamume wa miaka 21 aliyeonekana kama mtoto wa miaka 10. Hakuwa na ndevu, sauti ilikuwa ya kitoto, viungo vya uume havikukua. Tumbo halikuwa tupu: alikula mkate wa ngano mwingi kila siku, bila nyama, na tena alikula udongo. Wengine wa namna yake wakapatikana, na habari zao zikachapishwa mwaka 1961. Baadaye, kwa wavulana wa Misri, ikahakikishwa kwamba walikosa madini yaitwayo zinki. Nafaka isiyochachushwa ina kitu kinachoishika zinki tumboni isiingie katika damu, na udongo nao huishika. Walipopewa zinki, kimo kikapanda, nywele za utu uzima zikaota, na viungo vikakua. Prasad huyo huyo aliendelea na kazi hiyo huko Marekani, na mwaka 1996 akaonyesha kwamba vijana wazima waliopunguziwa zinki katika chakula kwa majuma 20 walishuka testosteroni mpaka kadiri ya robo ya ile ya kwanza.

Wasomaji wetu wa Kongo wasicheke habari ya udongo. Masokoni mwetu huuzwa udongo mweupe kwa mama wenye mimba, na watoto huuonja. Hata hivyo si huo tunaotaka kuusema leo. Twataka kusema juu ya muhogo.

Muhogo umetuokoa na njaa mara nyingi, wala hatutausema vibaya. Katika jimbo la Tanganyika, wakati watu walipokimbia vita vya Watwa na Waluba vilivyoenea mwaka 2016 na 2017, mara nyingi muhogo ulikuwa ndio chakula cha pekee kilichosalia shambani. Lakini muhogo peke yake ni kuni bila matofali: hutoa joto, haujengi. Hizo gramu 400 za unga hazifikishi gramu 10 za protini, na mchezaji wa kilo 60 ahitaji gramu 70 na zaidi kila siku. Zinki yake ni kidogo. Na usipovundikwa majini siku tatu au nne, una sumu ambayo mwili huiondoa kwa kutumia hiyo hiyo protini haba uliyo nayo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, wataalamu walioanza uchunguzi wao katika miaka ya 1960 waliona watu wengi wenye rovu shingoni. Chumvi ya madini ya iodini ilikosekana huko, na muhogo ukazidisha madhara. Homoni hiyo si ya uume, ni ya tezi ya shingo. Lakini twaitaja ili msomaji aone kwamba chakula cha namna moja kuvuruga homoni si habari ya Iran tu. Imetokea kwetu, safari ya siku chache kutoka Kalemie.

Kuna watakaotujibu: mbona Wakenya hula ugali na huwashinda watu wote duniani kwa kukimbia? Swali ni jema. Wakimbiaji kumi hodari wa Kenya walichunguzwa karibu na Eldoret, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Sehemu tatu kwa nne na zaidi za nguvu ya chakula chao zilitoka katika vyakula vya wanga, yaani ugali, wali, viazi, mkate, na sukari nyingi ya chai. Lakini walikuwa na maziwa, maharagi na mboga, tena walikula mara nyingi kwa siku, si mara moja. Protini yao ilitosha. Na hata hao, katika juma lile la kujitayarisha kwa mashindano, walikula kalori karibu 3,000 huku wakiteketeza karibu 3,600. Kwa juma moja mtu huvumilia upungufu huo. Kwa mwaka mzima mwili hudai deni lake. Hivyo Wakenya hawawi hoja ya kusema ugali mtupu watosha.

Wengine hukosea upande wa pili. Vijana wenye fedha, hasa wanaonyanyua vyuma, husikia kwamba protini hujenga mwili, wakaacha ugali na mafuta, wakala mayai na nyama tu na unga wa kopo. Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2021 na 2022 waonyesha kwamba wanaume waliopunguza mafuta sana walishuka testosteroni kidogo, na vivyo hivyo waliokula protini kupita kiasi huku wakiacha wanga. Si ajabu, maana testosteroni hutengenezwa kwa kolesteroli, na mchezaji asiyepata wanga huukimbiza mwili wake katika hali ya hatari. Mafuta ya mawese ambayo kijana wetu ameyakataa hayakuwa adui yake. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, pamoja na vitamini ya kutunza macho.

Turudi basi kwenye ziwa lenu, maana watu wa Kalemie mna kitu ambacho wengi wangewaonea wivu. Ndagala aliyekaushwa mchangani, anayeliwa mzima na kichwa chake na mifupa yake na matumbo yake, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Ana zinki, ana chokaa ya mifupa, ana chuma cha damu. Gramu 50, yaani konzi moja nzuri, zatoa protini kama gramu 30. Twajua kwamba wageni husifu kuhe na sangala wa kuchoma, nao ni watamu, lakini kwa mfupa wa kijana ndagala wawashinda, kwa sababu humli samaki mkubwa na mifupa yake.

Lakini hapa pana jambo ambalo mwalimu wa timu hana budi kulifikiri. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hupungua. Zaidi ya hayo, ili samaki wazaane, nchi za ziwa Tanganyika zilipatana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka: mwaka 2024 ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Twauona mpango huo kuwa wa haki, maana ziwa lisilopumzika litakufa, na wajukuu watatulaumu. Ila tazameni kalenda. Miezi hiyo ndiyo ya kiangazi, na Julai na Agosti ndiyo likizo kubwa ya shule, wakati kila mtaa una mashindano yake na vijana hucheza karibu kila siku. Yaani mazoezi huwa mengi wakati ule ule samaki ni haba na ghali. Baba atasoma tena barua yake mwenyewe: tangu kiangazi kilichopita amekonda.

Dawa yake si kuuvunja mpango wa uvuvi. Mama wa nyumba na anunue ndagala mwezi wa Machi na Aprili, awakaushe upya juani mpaka wavunjike mkononi, awaweke katika chombo kisichopitisha unyevu. Kiangazi karanga na maharagi yaliyovunwa yapo. Maharagi yaloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe: hupunguza kile kitu kinachoishika zinki. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana, maana majani yake yana protini kuliko mzizi wake. Unga wa muhogo ukichanganywa na wa mahindi ni bora kuliko wa muhogo pekee.

Na mara za kula ziongezwe. Asubuhi, kabla au mara tu baada ya kukimbia, uji wa mahindi uliotiwa karanga za kusaga. Mchana kiporo cha ugali na maharagi, hata kikiwa baridi. Baada ya mazoezi ya jioni, asingoje chakula cha usiku: ndizi mbili na konzi ya karanga, kalori zaidi ya 400, nazo hutoshea mfukoni. Usiku ugali wake, sombe yenye mawese, na ndagala wake mwenyewe, asiwagawie wadogo zake wote. Twasifu moyo wake wa kuwapa, lakini aliye na miaka 6 hakimbii saa tatu kwa siku. Hapo kalori zake zafika 3,000 na zaidi.

Hatumwandikii haya mzazi ambaye hana kitu kabisa, na twajua kwamba wako wengi, hasa waliotoka Nyunzu na vijiji vilivyochomwa. Kwake yeye shauri letu ni jingine: mtoto apunguze mazoezi. Mwili hauwezi kudanganywa pande zote mbili. Asiye na chakula cha mazoezi mawili afanye moja, au acheze Dominika tu, wala asione haya.

Juu ya mwalimu wa timu twasema kwa adabu, maana wengi wao hujitolea bila mshahara. Kusema "mwenye tumbo zito hakimbii" ni kweli kwa saa mbili kabla ya mchezo. Si kweli kwa mwaka mzima. Na kwa kuwa tumegusa timu: yajulikana na wote kwamba timu nyingi huchanga fedha za kumlipa mganga azike kitu golini. Fedha hizo zingenunua ndagala debe zima na mfuko wa karanga, na golikipa angeruka juu zaidi.

Kufunga kwa Kwaresima hakukatazwi na haya. Sheria ya Kanisa huwataka wenye miaka 18 hadi 59 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, nao waweza kula mlo mmoja kamili na miwili midogo. Hakuna mwili wa mchezaji uliovunjika kwa siku hizo mbili. Lakini vijana wengine, kwa kuhimizwa na watu wasiotumwa na Kanisa, hushinda siku tatu bila chakula wala maji ili timu ishinde, huku wakifanya mazoezi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya wakimbiaji na kujitawala kwao, naye alinena juu ya kuutawala mwili. Kununua ushindi kwa njaa ni habari nyingine.

Sasa sindano. Twamwomba baba aikatae kabisa. Ikiwa ndani yake mna maji tu, amepoteza fedha na amekaribisha uchafu wa sindano. Ikiwa mna testosteroni ya kweli, ni vibaya zaidi kwa kijana anayetaka kuzaa. Ubongo ukiona testosteroni imejaa damuni, huzima ngoma yake. Korodani hulala, hunywea, na mbegu hupungua, hata kukoma. Mtu huonekana dume barabarani, na nyumbani hana mbegu. Wakati mwingine hali hiyo hudumu miezi mingi baada ya sindano kuachwa. Tena ni marufuku michezoni: Kamati ya Olimpiki ilianza kuwapima wachezaji kwa dawa za namna hiyo huko Montreal mwaka 1976. Kuna ugonjwa ambao daktari huutibu kwa homoni hii, lakini hutoa baada ya kupima damu asubuhi, zaidi ya mara moja, si kwa kutazama uso.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa katika miji ya Kongo navyo ni mtego. Vingi vina deksametazone, dawa kali ya hospitali. Uso hujaa, watu husifu, kumbe ni maji, na dawa hiyo nayo hushusha homoni ya kiume na kudhoofisha mifupa. Lutuku, na vichupa vya pombe kali vyenye picha ya simba, havina la kuongeza ila madhara.

Limebaki neno la uchumba. Kijana asimfiche mchumba wake, wala wazazi wasiharakishe harusi ili "kumpima". Mbegu ya mwanamume huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa. Kwa hiyo hata akianza kula leo, tamaa yaweza kurudi baada ya majuma machache, lakini uzazi wapaswa kupewa miezi mitatu na zaidi kabla ya kuhukumiwa. Twalisema hili kwa sababu ya jambo tunaloliona mara nyingi: ndoa ikikaa mwaka bila mtoto, wa kwanza kusutwa ni mke. Hupelekwa kwa waganga, huitwa tasa na mawifi, wengine hurudishwa kwao. Nao madaktari wasema kwamba karibu nusu ya ndoa zisizopata watoto, upande wa mume una sehemu yake. Binti huyu wa watu angeweza kulipia kwa machozi chakula ambacho mumewe hakula.

Basi, baba, fanya hivi. Mpeleke mwanao hospitali pamoja na mjomba wake, ambaye amekwisha kumwamini. Mwache azungumze na daktari peke yake. Apumzishe muundi mpaka daktari aruhusu, asikimbie mchangani. Mpimeni uzito leo, na kila Jumamosi, mkauandike katika daftari. Baada ya miezi mitatu tuandikie tena.

Juma lijalo tutamjibu mama wa Moba aliyeuliza juu ya chumvi yenye iodini na namna ya kuitunza isiharibike jikoni.